Nyota ya Ncha Nne na Nusu

Watu wa mtaani kwetu Karatu wananiita Mama Matofali, na wanadhani nayapenda. Dereva mmoja ninayesali naye, akiwapeleka watalii geti la Ngorongoro, hupunguza mwendo awaonyeshe rundo langu pembeni mwa ua. Wapo wanaolipiga picha. Sijawahi kumwambia mtu kwamba nilianza kuyakusanya kwa hila, ili nimshinde mama yangu.

Tunaishi wawili tu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kitinda mimba, sina mume, na kwa hesabu za ukoo mtu wa namna hiyo hana sababu ya kwenda popote. Asubuhi na jioni namchua shingo, ambayo haijanyooka tangu nipate akili. Namwekea chai, nafunga mlango, naenda kufundisha, narudi. Imekuwa hivyo miaka kumi na sita. Kuna siku nikishika kile kitasa cha mlango natamani kupiga kelele, halafu nakumbuka majirani, nafungua, naingia.

Mwaka jana nilipata nafasi ya kufundisha Moshi, jambo nililoliomba tangu ujana. Mwalimu mkuu wa huko alikubali kunisubiri hadi shule zifunguliwe Januari. Kaka yangu wa Babati naye akasema yuko tayari kumchukua mama. Chumba kipo, na mkewe ana moyo. Ilibaki mama kukubali. Akakataa.

"Siwezi kuiacha mikono ya baba yenu ukutani," alisema.

Ndivyo tulivyolelewa. Matofali ya nyumba yetu yana chapa ya nyota ndani ya duara, ncha moja imekatika nusu. Tuliambiwa kwamba baba, dereva wa trekta kwenye shamba la kahawa, aliyafyatua na kuyachoma mwenyewe, na nyota ile ni alama yake. Alifariki nikiwa darasa la tano. Lakini mimi nilikuwa nimeshaiona nyota hiyohiyo kwenye ngazi za ghala bovu upande wa Oldeani, ghala ambalo lilikuwepo kabla baba hajaanza kazi shambani. Nikajiambia, nikithibitisha kwamba matofali si yake, mama atakuwa hana cha kung'ang'ania.

Basi kila Jumamosi nikawa nazunguka kwenye magofu na brashi ya viatu, nikisugua udongo kutafuta nyota. Rhotia nilikuta moja limeegemeza pipa la maji, mwenye pipa akanitazama kama mwehu. Mwenzangu anayefundisha Nainokanoka akaniletea jingine lililokuwa likizuia mlango wa duka usipigwe na upepo. Nililishika kwa wivu. Tofali lilikuwa limetembea kuliko mimi.

Nikagundua kwamba zipo nyota nzima pia, za ncha tano kamili, na hizo hukaa chini kwenye misingi. Zilizokatika ziko juu. Kumbe kibao cha kufyatulia kilikuwa kimoja, na kuna siku kiliumia.

Mwezi wa kumi na moja nikaelekezwa kwa mzee mmoja, Mnyaturu aliyetoka Singida akiwa kijana kuja kufyatua matofali shambani. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kama ni sensa, nimeshahesabiwa."

Nikampa tofali. Akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ncha iliyokatika, akacheka mpaka akakohoa.

"Hii niliivunja mimi. Kibao kiliniponyoka, kikaangukia jiwe. Nyapara alinitukana siku nzima."

Nikamtajia baba.

"Yule wa trekta? Huyo alikuja tanuri limeshaota nyasi. Hakuwahi kushika udongo, mwanangu."

Nilifurahi. Naona aibu kuliandika hili, lakini nilicheka peke yangu juu ya bodaboda mpaka nyumbani, nikipanga maneno, nikiiona Moshi.

Mama alikuwa ameketi juani, anachambua maharage. Nikaliweka tofali miguuni pake.

"Mama, haya si ya baba. Nimempata aliyeyafyatua, yu hai."

Hakushtuka. "Najua," alisema.

Akaokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa. "Nyumba ya meneja wa shamba ilipobomolewa, walisema anayetaka achukue. Baba yako alikuwa kitandani, trekta limemvunja mguu. Nikabeba mimi. Manne kila safari, kichwani, na wewe mgongoni. Kiangazi kizima."

"Sasa kwa nini ulituambia ni ya baba?"

"Alikuwa amelala pale anasikia watu wakicheka kwamba anajengewa na mke. Wewe na kaka yako mlikuwa wadogo. Nilitaka angalau nyie mumheshimu."

Nikaitazama ile shingo. Miaka yote ninaipaka dawa, sikuwahi kuuliza ilipindaje. Nilikasirika. Niseme ukweli, nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimekwenda kuutafuta ushahidi wa kumng'oa, na nimerudi na sababu ya yeye kubaki, nzuri kuliko zangu zote za kuondoka.

"Kwa hiyo Babati huendi," nikasema.

"Nyumba niliyoibeba kichwani nimwachie nani?"

"Na mimi je, mama?"

Akaokota kijiwe kingine, akakitupa. "Wewe nenda," alisema. "Kuna aliyekufunga kamba?"

Kisha akaweka ungo chini, akalegeza kanga mabegani, akainamisha shingo kama kila jioni, akangoja.

Nikanawa vumbi la tofali mikononi, nikaenda kuchukua dawa.