Bomba la Moshi la Baba

Juzi, karibu na kituo cha mpakani cha Grande Barrière, nilimwona kijana akifunga bomba jipya la moshi kwenye pikipiki yake. Harufu ya grisi na chuma ilinirudisha uani kwetu.

Miaka ile ya vita, bomba la pikipiki ya baba lilikuwa limetoboka. Lililipuka kama bunduki, na kila lilipolia majirani walikimbilia ndani wakafunga milango. Nilidhani ni heshima. Kila asubuhi baba alinituma nitangulie mlango kwa mlango kutangaza, "Baba iko anawasha pikipiki, musiogope!" Nilijiona mjumbe wa mfalme.

Alasiri moja alirudi kutoka Goma na bomba jingine. Alilala ubavu juu ya gunia, akagonga, akakaza boliti, akanung'unika kwa Kifaransa. Alipowasha, pikipiki ilikoroma taratibu kama paka. Mama Sifa, jirani yetu, aliendelea kuchambua maharage yake barazani.

"Bon," baba alisema. "Sasa batu batapumuzika."

Mimi nililia. Niliona tumekuwa watu wa kawaida tu. Mama Sifa alikuja akamshika baba mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga, nikadhani naye anasikitika kama mimi.

Juzi kijana yule alipowasha pikipiki, bomba lake lilipasua masikio. Niligeuka kuangalia nyumba za jirani. Milango ilifunguka, na watoto wakatoka mbio kuja kuona.