Vidonge vya Damu Alivyolamba Ng'ombe

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya zahanati hapa Karatu, nikingoja dawa yangu ya malaria. Mbele yangu alisimama mama wa Kimasai kutoka upande wa Ngorongoro, mjamzito. Nesi akamvuta kope la chini, akaona peupe, akakunja uso.

"Yeyo, mama, vile vidonge vya kuongeza damu unameza?"

"Nampa ng'ombe."

Nesi akaweka kalamu chini. "Ng'ombe?"

"Yule ninayemkamua. Navisaga, nachanganya na magadi, analamba." Alieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. "Akila ng'ombe, maziwa wanakunywa watoto wote. Nikimeza mimi, nani atakunywa?"

Nesi hakubishana. Alinyoosha mkono akaligusa tumbo la yule mama. "Na huyu wa humu, atakunywa wapi?"

Mama akatazama chini, akacheka huku amefunika mdomo kwa shuka, kisha akapokea kidonge na kikombe cha maji, akameza pale pale.

Mimi swali lake bado linanisumbua. Wengi wetu tukigawiwa kitu tunameza kwanza, na nani mwingine atakunywa hatuulizi hata tukishashiba.