Vidonge vya Macho vya Wamaitha

Macho ndiyo yaliyomlisha Wamaitha. Kwa miaka ishirini na miwili alifuma sweta za shule kwa mashine huko mtaa wa Section 58, Nakuru, na hakuna mzazi aliyewahi kumrudishia hata moja. Mwanzoni mwa mwaka 2007 safu za sindano zikaanza kumpindia, na katikati ya kila alichokitazama pakawa na waa. Daktari hakumficha: waa likikua, kufuma basi.

Wamuyu, rafiki yake tangu usichana na kiongozi wa maombi ya akina mama, akamletea vidonge vya mwani na maua ya marigold.

"Mama Jeff, meza asubuhi ukiwa umefunga," alimwagiza. "Maji pekee. Chakula kinaharibu dawa."

Wamaitha akaamini. Kwa nini asiamini? Miezi saba alifunga siku tano kwa wiki, na kila Ijumaa Wamuyu alimsimamisha kwenye maombi mbele ya wenzake awe mfano wa kufunga. Mfano, eti. Waa nalo likazidi kutanda.

Novemba akapeleka chupa kwa Pradeep, mwenye duka la dawa.

"Mama, unamezanga na nini?"

"Maji."

"Hii rangi ya maua inataka mafuta ndio iingie mwili. Meza na yai, avocado, hata mboga ya sukuma ya kukaanga. Na tumbo tupu, mingi inapita tu."

"Ningekula, ningepona?"

"Hiyo siwezi promise. Lakini ingeingia."

Kesho yake asubuhi Wamaitha alimkuta Wamuyu nyumbani kwake akinywa chai. Pembeni mwa macho, ambako bado kulikuwa na nuru, aliona avocado iliyopasuliwa na chupa kama yake.

"Kumbe wewe unameza na chakula."

Wamuyu akaweka kikombe chini. "Wenye vidonge walitufundisha hivyo kwa seminar."

"Na mimi?"

"Ungeanza kukula ungewacha kufunga, Mama Jeff. Na wewe ukiwacha, wale wengine wote wangewacha. Ni wewe ulikuwa umewashikilia."

Afadhali Wamaitha angeibiwa na mtu asiyemjua. Huyu aliyemshika mkono siku ya kumzika mumewe alikuwa ameyatoa sadaka macho ya rafiki yake kwa ajili ya viti kujaa Ijumaa.

"Nisamehe," Wamuyu akasema.

Wamaitha akamgeukia. Alitaka kujua kama mwenzake anaona haya au anasema tu. Akaona kitambaa cha kichwa, hereni, mabega. Akasogea, akatazama tena, lakini uso wa Wamuyu haukuonekana.