Majani ya Bwawa la Mbogo

Asubuhi ile bado naiona vizuri, mwanangu. Vita vilikuwa vimetutoa Lubero, askari wakichukua ng'ombe wa watu, nasi tukateremka na ng'ombe wetu mmoja hadi karibu na Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi pembeni ya mbuga ya wanyama. Dada yangu alifariki njiani, akaniachia mtoto wa miezi mitatu. Maziwa ya ng'ombe yule ndiyo yaliyomweka hai.

Nilikuwa na kichwa kigumu, na usicheke, wewe umekirithi. Wenyeji walilisha mifugo yao juu, kwenye nyasi fupi kavu, na walinionyesha. Mimi nikampeleka ng'ombe bwawani, walikokunywa mbogo. Niliwaona wanene, ngozi zinang'aa, nikajiambia majani yale ni mazuri kuliko yote. Miezi haikupita mingi, taya la ng'ombe likavimba maji, maziwa yakabaki kikombe kimoja kwa siku. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Niliogopa sana.

Ndipo asubuhi ile nikamwita Papa Kambale, mzee aliyewahi kuwa mganga wa mifugo. Alimtazama ng'ombe, kisha akanipeleka mahali askari walipompiga mbogo risasi, akalipasua ini lake. Minyoo bapa ikatoka, mingi mno, kama majani madogo yaliyolowa.

"Masika, nani alikuambiaka kama mbogo haina minyoo?" akaniuliza. "Inatoka mu mavi yake, inaingia mu maji, inashika mu majani. Yeye anaibeba na anatembea. Ngombe yenu, hapana. Batu ba hapa balikuonyesha fasi ya kulishia, lakini wewe ulijiona mwerevu."

"Sikuwauliza sababu, Papa."

"Basi uliza leo."

Nikauliza mpaka akachoka. Alimpa ng'ombe dawa, nami nikamkatia nyasi za juu kila siku. Wake za wavuvi walimnyonyesha mtoto kwa zamu hadi maziwa yakarudi. Walipona wote wawili.

Mwanangu, huko Beni uendako utaona wenzako wakinywa, wakikimbiza pikipiki, wakishinda kutwa na askari, na wanang'aa. Hujui wana minyoo gani ndani, wala wataibeba mpaka lini. Usiwafuate kwa kuwatazama tu. Ukifika ugenini, waulize wenyeji kabla hujafanya lolote, hata ukionekana mjinga. Mungu akulinde njiani, akupe mdomo usioona haya kuuliza.