Pengo kwenye Kamba ya Jezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa gunia. Ndani yake mlikuwa na jezi zote za timu yetu, zimelowa jasho na matope ya mechi ya jana yake, zikinuka mpaka mbuzi wa jirani akahama kivuli. Katibu wa timu, karani mstaafu wa reli, ambaye suruali yake ilikuwa na pasi kali hata akienda kununua nyanya, alisimama mlangoni kwangu Katubuka, hapa Kigoma, akaniambia, "Binti, hii ndiyo mali yote ya klabu. Wachezaji watazeeka, sisi viongozi tutapinduana, lakini jezi zikipotea hakuna timu."

Nilikuwa mwanamke mdogo, nimeachika, nafulia watu nguo kwa ujira. Wanaokuja kunihoji siku hizi huniita mtunza vifaa. Sisi tulisema mfuaji, na sikuona neno. Mtoto wa Ujiji hachagui jina la kazi, huchagua kuifanya au kuiacha.

Na ilikuwa kazi, msione hivi. Jezi za wakati ule zilikuwa za pamba nzito, zikilowa huwa kama blanketi. Wachezaji walikaribishwa chakula na mashabiki wakiwa bado na jezi mwilini, migebuka, samaki wa ziwa letu, imepikwa kwa mawese, na doa la mawese ukiliwahi kwa maji umelioa. Linataka sabuni ya kipande likiwa bado kavu, usugue polepole, ndipo uloweke. Nilifulia ufukweni Bangwe, lakini kuanika nilianika nyumbani. Mara moja tu nilianika kule kule, karibu na dagaa, na siku ya mechi wapinzani waliingia uwanjani wameziba pua. Kocha hakunisemesha mpaka ligi ilipoisha.

Sheria ya kuanika ilitoka kwa Katibu mwenyewe. "Sisi watu wa reli tunakagua mabehewa kwa mpangilio," aliniambia. "Na wewe anika kwa namba, kuanzia ya kipa. Ikikosekana moja utaiona hata ukiwa na usingizi." Nikafanya hivyo maisha yangu yote. Nyumba yangu ilikuwa kando ya barabara na ua wenyewe ulikuwa wa mabua, mfupi, kwa hiyo wapita njia wakazoea kuchungulia kamba yangu na kuisoma. "Namba tano ina kiraka begani, kumbe alivutwa kweli!" Wengine walinisalimia mimi baada ya kuzisalimu jezi.

Hayo ndiyo yalikuwa magazeti yetu. Mchezaji alijulikana na kila mtu, na yeye alimjua kila mtu. Nahodha wetu wa miaka ile alikuwa mchuuzi wa samaki. Jumapili akikosa penalti, Jumatatu yuko sokoni nyuma ya meza yake, na akina mama wanamwambia usoni, "Wewe, mguu ule ulikuwa umeazima?" Kisha wananunua samaki. Alisemwa sana, lakini na watu ambao angeweza kuwajibu, na ambao angefiwa wangekuja kumzika baba yake.

Msije mkadhani nalilia ya kale. Nahodha huyo huyo goti lilipomtoka, klabu ilimpa soda na kumpigia makofi. Tulipitisha kofia msikitini na kanisani ili apelekwe hospitali, na mpaka anakufa alikuwa anachechemea. Umaarufu usio na chakula ndani yake mimi siusifu.

Kisha ikaja miaka ya wakimbizi. Watu walivuka mpaka kutoka Burundi wakiwa na magodoro kichwani, wengine wakavuka ziwa kutoka Kongo, na mkoa wetu ukajaa makambi. Kocha wetu wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Muha wa Kasulu, mtu wa maneno machache. Alikwenda kambini kucheza mechi ya kirafiki na akarudi na kijana mmoja aliyemwombea kibali, ile ruhusa ya kutoka kambini. Akamleta kwangu. "Bi Zaina, huyu anaitwa Nestori. Ana mguu wa kushoto ambao sijauona tangu nizaliwe. Mpe chumba cha uani na umlishe."

"Shikamoo Bi Zaina," kijana akasema, akiangalia chini.

Kwa kuwa Kirundi na Kiha ni ndugu wa tumbo moja, watu walimchukua kuwa Muha wa milimani, na waliohisi vingine hawakusema. Alipewa jezi namba kumi. Baada ya chakula aliosha vyombo mwenyewe, na ilichukua muda mrefu kabla hajanieleza kwamba baba yake na kaka zake waliuawa, na kwamba mama yake na dada yake mdogo walikuwa kambini kwa majina mengine.

"Kwa nini majina mengine, mwanangu?"

"Bi Zaina, waliotuchomea nyumba nao wana redio," alinijibu. "Na wengine wao walikimbia kama sisi. Wako huku huku."

Akaniapisha nisimtaje mama yake kwa mtu. Nikaapa. Wakati ule halikuwa jambo gumu, maana hakuna aliyeuliza.

Baadaye likawa gumu, kwa sababu pesa iliingia kwenye mpira na haikuja peke yake. Tulipata mfadhili, mwenye malori, mtu mkarimu kweli, sitamsengenya. Alinunua jezi mpya nyepesi, zenye jina la biashara yake kifuani. Posho zikatoka kwa wakati. Lakini mwenye kununua hutaka kuona alichonunua, na waandishi wa habari za michezo wakaanza kuja mazoezini, wa redio ya mjini na wa magazeti kutoka Dar es Salaam. Zamani waliuliza mabao. Sasa wakawa wanauliza mchezaji analala wapi, ana mchumba nani, kwao ni wapi. Ikasemekana timu kubwa ya Dar inamtaka Nestori, na kila alipopiga chafya ikawa habari.

Basi, kulikuwa na mechi ya Jumapili, tukashinda. Kipenga cha mwisho kilikuwa hakijapoa, akaja dereva wa lori la kambini akamnong'oneza Nestori kwamba mama yake yuko taabani. Nestori alinishika mkono, akasema, "Mama anakwenda," akapanda lori lile lile na jezi yake mwilini, koti juu. Tuliojua ni mimi na Kocha.

Kesho yake nilifua na kuanika kama kawaida, kwa mpangilio wa namba. Baada ya tisa kukawa na nafasi, kisha kumi na moja. Sikuziba ile nafasi, maana ndivyo nilivyofundishwa.

Mwandishi wa redio ya mjini alipita, kijana mwembamba mwenye kinasa sauti begani. Alichungulia uani, akaenda zake bila kunibishia hodi. Jioni nikiwa napepeta mchele nikasikia redio ya jirani: namba kumi ameuzwa Dar kwa siri, ameondoka na jezi, uongozi umekula fedha. Mchele ulinimwagika. Mtu kaona pengo kwenye kamba, akalijaza mwenyewe.

Mji ulichafuka. Watu waliokuwa wakimbeba Nestori begani walipita nyumbani kwangu wakipiga makopo na kumwita msaliti. Mfadhili alikuja kwa gari, akaketi barazani. Kocha alikuwa amemweleza kwamba ni msiba wa mama, lakini si wapi wala jina lake.

"Bi Zaina, akirudi tu nitamleta mwandishi," alisema. "Aeleze yote mwenyewe. Mama amefia wapi, wametoka wapi, wamepitia nini. Watu watalia. Na wale wa Dar watapanda bei. Ukweli una soko siku hizi."

"Na asipotaka?"

"Atakuwa mwizi machoni pa watu. Achague."

Nilikasirika, lakini hakuwa mwongo. Hiyo ndiyo ilikuwa hali yenyewe. Nestori akinyamaza, jina lake limekwisha Kigoma. Akisema, dada yake aliyebaki kambini angejulikana kabla jua halijatua, na binti yule hakuwa na mtu mwingine duniani.

Nestori alirudi alfajiri ya siku iliyofuata. Mama yake alikuwa ameshazikwa. Jezi ilikuwa na udongo mwekundu magotini, kwa kuwa alipiga magoti kaburini kufukia kwa mikono. Nilimweleza yanayosemwa. Alikaa kwenye ngazi ya uani, akaniuliza swali moja tu: "Bi Zaina, hata pole sitapewa?"

Lile neno liliniuma kuliko makopo yote. Nikaenda kwa jirani kuazima mikeka. Nikatuma ujumbe Ujiji, dada zangu wakaja na khanga vichwani na sufuria kubwa. Nikatandika uani, nikavuta viti vya wanaume, nikawasha moto. Sikutangaza lolote. Kwetu mkeka wa msiba hauhitaji tangazo. Ukitandikwa, kila apitaye anajua anachotakiwa kufanya. Sikumuuliza Katibu wala mfadhili.

Walipokuja wale wa makopo, mbele alikuwa Mashaka, muuza nyama, kiongozi wa mashabiki na mwenye sauti kuliko spika ya msikiti. Aliingia mlangoni mdomo ukiwa wazi. Akakuta wanawake wamekaa, na Nestori katikati ya mkeka, kichwa kati ya magoti. Kopo likamshuka mkononi. Akavua viatu.

"Nani katutoka?" aliuliza, sauti ndogo.

"Mama yake," nikasema.

Mashaka alikwenda akachuchumaa mbele ya kijana, akamshika mikono miwili, akampa pole kwa Kiha. "Mwihangane, mdogo wangu. Sisi hatukujua." Hapo Nestori akalia. Alilia kwa Kirundi, na pale uani kulikuwa na watu wanaojua vizuri sana kutofautisha Kirundi na Kiha. Nikawatazama mmoja mmoja. Wote walitazama chini.

Mwandishi akafika, kinasa sauti mkononi, na mfadhili nyuma yake. Simlaumu kijana, naye alikuwa na mkuu wake wa kumridhisha. Aliuliza kwa adabu, "Marehemu alikuwa anaitwa nani? Alikuwa akiishi wapi?"

Hakuna aliyejibu. Katibu wetu mzee, aliyekuwa amekuja na fimbo yake, akasema, "Mwanangu, hapa hapaulizwi. Toa mkono wa pole, ukae."

Kijana alikaa, lakini kazi ni kazi. Akamwinamia Mashaka. "Kaka, hebu niambie, kwani huyu Nestori ni mtu wa wapi?"

Mashaka, mtu ambaye hajawahi kuficha siri hata ya mke wake, alimtazama kama aliyeuliza jua linatoka wapi. "Wa hapa Katubuka," akasema. "Humwoni alipokaa?"

Mwandishi aliangalia huku na huku, akazima chombo chake, akakirudisha begani. Jioni redio ilisema namba kumi amefiwa na mama yake, na mazishi yamefanyika. Basi. Mfadhili alichangia gunia la mchele, akaondoka bila kuniaga, na mpaka leo sijui kama alikasirika au aliona haya.

Msimu uliofuata Nestori aliuzwa Dar, safari hii kweli, mchana kweupe. Alipata pesa, na nilifurahi. Alimtoa dada yake kambini akamsomesha. Lakini kule hakukuwa na mkeka wa kumficha. Waliandika bei yake, gari lake, ugomvi wake na mkewe, talaka yake. Watu wasiomjua kwa sura walimtukana kwa simu akikosa bao, na hakuwa na meza ya samaki ya kusimama nyuma yake awajibu. Niliwahi kumpigia nikamuuliza kama anakula. "Nakula, Bi Zaina," akasema, "ila nafunga pazia kwanza." Tulicheka, kisha mimi nikalia peke yangu jikoni.

Nilistaafu mikono ilipokataa kukamua. Kijana aliyenirithi anatumia mashine, na jezi zina majina ya wachezaji mgongoni. Wachezaji wa sasa wanajipiga picha wenyewe na kujirusha mitandaoni, hata kaburini, udongo haujakauka. Niliwahi kumgombeza mmoja. Akanijibu, "Bibi, wasiponiona wananisahau, na wakinisahau sili." Wakati wetu mchezaji alifungwa mdomo na njaa, wao wanafunguliwa na njaa hiyo hiyo. Ningependa tu wajue kuna vitu mtu ana haki ya kubaki navyo, na kwamba haki hiyo haitoshi mwenyewe kuidai. Lazima na jirani akubali kutazama chini.

Mwaka jana Nestori, akiwa ameshatundika daluga, alikuja kunisalimu. Ana mvi. Nikamwambia kuna watu wanataka niwasimulie kazi yangu, lakini habari yake nitairuka. Akasema dada yake sasa ni mama wa watoto, yuko mbali na salama, na kwamba yeye amekwenda kuona kiwanja chao kule nyumbani, kimeota maharage ya watu wengine.

"Isimulie," aliniambia. "Wameandika kila kitu changu, Bi Zaina. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwandika mama. Yule mwandishi aliuliza jina lake, nanyi wote mkaninyamazia, na Mungu awalipe. Sasa mimi mwenyewe naomba liandikwe."

Aliitwa Spesiosa.