Kiti Alicholetewa Mitchel

Mwaka wa 1996, wanawake walioendesha gari wenyewe huko Shinyalu walikuwa wa kuhesabika, na Pascalia Musimbi alikuwa mmoja wao. Alikuwa afisa wa kilimo huko, akitokea nyumbani kwake Lurambi kila asubuhi. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, aliloachiwa na mumewe Bramwel, mwalimu aliyehamishiwa Matungu na kurudi nyumbani Lurambi Jumamosi na Jumapili tu. Akiwa mja mzito, Pascalia aliwaza sana: mtoto akizaliwa, nitampelekaje kwa nyanyake kila asubuhi nikiwa peke yangu kwenye usukani?

Jibu lilitoka kwa Teresa. Hao wawili walikuwa wamelala bweni moja miaka minne, wakagawana sabuni na siri. Teresa alikuwa amerudi majuzi kutoka Amerika, ambako mumewe Osiako alikuwa masomoni. Alimletea Pascalia kiti cha mtoto cha kufungwa garini, chenye kitambaa cha buluu na vidoti vyeupe.

"Ni cha mtoto wako," alisema. "Mimi ndiye nitamsimamia ubatizo, kwa hivyo usikatae."

Pascalia alikisoma kijitabu chake mara mbili, penseli mkononi. Kiti kilikuwa cha kutumika kwa njia mbili. Mtoto mchanga hufungwa akitazama nyuma ya gari, ili breki zikishikwa ghafla, mgongo wa kiti uipokee ile shingo laini. Akishafikisha uzito ulioandikwa, kiti hugeuzwa akatazama mbele. Kijitabu kilikataza jambo moja kwa herufi nzito: kiti kilichokuwa ndani ya gari lililogongwa kisitumike tena, hata kikionekana kizima.

"Teresa, usinielewe vibaya," alimwuliza. "Hiki kimewahi kupata ajali?"

Teresa akacheka. "Hata siku moja! Mwanangu Tevin alikuwa anakaa humo kama chifu."

Mitchel alipozaliwa, kazi ya asubuhi ikawa ile ile. Pascalia alikibana kiti kwa goti, akauvuta mkanda wa gari kwa nguvu, kisha akakitikisa aone kama kinacheza. Alimvua mtoto sweta nzito, akapitisha mikanda usawa wa mabega yake, akaikaza hadi vidole visiweze kuifinya na kuikunja. Kisha ndipo alipomfunika leso, maana asubuhi za huko zina baridi. Majirani walimcheka.

"Mama Mitchel, mtoto anaonanga nini akipewa mgongo?"

"Anaona tulikotoka," alijibu, akawasha gari.

Siku moja ya mvua, gari liliteleza likaingia mtaroni polepole, bila kugonga kitu, karibu na shamba la majani chai. Hakuna aliyeumia. Pascalia aligeuka, akamwona mtoto ametulia kitini, akamshukuru Mungu, kisha akamshukuru Teresa. Jioni yake alipita kwake kumwambia hivyo. Teresa alimkumbatia, akasema amefurahi.

Mapema mwaka wa 1998, mizani ya kliniki ilionyesha kwamba Mitchel amefikisha uzito wa kugeuzwa. Jumamosi hiyo Pascalia alikitoa kiti barazani. Alitaka kuhamisha mikanda kwenye matundu ya juu, kwa kuwa mtoto anayetazama mbele haifai mikanda yake ianzie chini ya mabega, na akaonelea afue kitambaa papo hapo. Alikuwa amezoea kukipangusa tu. Sasa alikivua chote.

Plastiki ilikuwa na ufa. Ulianzia kwenye tundu la mkanda ukashuka urefu wa kiganja. Ulikuwa umejazwa gundi, ukapigwa msasa, kisha ukapakwa rangi ili usionekane. Mtu alikuwa ameketi akaifanya kazi hiyo kwa subira.

Pascalia alimwachia Bramwel mtoto, akakipakia kiti na kwenda kwa Teresa. Osiako, ambaye naye alikuwa amesharudi kutoka masomoni, ndiye aliyemfungulia lango.

"Karibu, shemeji." Akakitazama kiti. "Kumbe hiki bado kiko? Si ndicho Tevin alikuwa amekalia wakati lori lilitugonga? Nilimwambia Mama Tevin akitupe."

Teresa alitokea jikoni, mikono ina unga. Akauona ule ufa, akasimama.

"Uliniambia hata siku moja," Pascalia alisema.

"Tevin hakuumia hata kidogo. Nikafikiri, kitu kilichomwokoa wangu kitamwokoa na wako."

"Gundi nayo? Ni nani aliyeipaka?"

Osiako alimgeukia mkewe. Teresa alijifuta unga kwenye nguo.

"Ni mimi."

"Nilikuja hapa kukushukuru siku ile ya mtaro. Ukanikumbatia."

"Watu walikuwa wananitazama mikono, Pascalia. Nimetoka Amerika, nimerudi sina kitu. Ningekuambia ukweli ungekikataa."

"Ningekikataa. Na ningekupenda hivyo hivyo na mikono yako mitupu."

Njiani alisimamisha gari kando, akakitazama tena kiti. Huo ufa peke yake angeweza kuusamehe. Hiyo rangi iliyolinganishwa vizuri na plastiki ndiyo iliyomchoma.

Nyumbani aliikata mikanda kwa kisu, naye Bramwel akakipasua kiti kwa shoka, kwa sababu kikitupwa kizima mtu angekiokota. Miezi miwili Mitchel hakupanda gari. Nyanyake ndiye aliyekuja kumlea Lurambi. Kisha mtawa mmoja aliyekwenda Nairobi akawanunulia kiti kipya, kikiwa bado ndani ya katoni yake. Pascalia alikisoma kijitabu chake upya tangu mwanzo, akapitisha mkanda wa gari mahali palipoandikwa kwa mtoto anayetazama mbele, akakikandamiza kwa goti.

Siku ya Pasaka Teresa alikuja na kuku, akisema kwa Kiluhya ni ingokho wa mtoto wake wa ubatizo. Pascalia alimpokea na kumpikia chai. Walizungumza kuhusu mvua na mahindi. Mitchel alimrukia Teresa mapajani, na Pascalia akamwacha.

"Baba Tevin ameniacha na gari leo," Teresa alisema baadaye. "Nimpeleke Mitchel sokoni kidogo nimnunulie viatu?"

"Hapana," Pascalia alijibu, akammiminia chai nyingine.