Watoto wa Carama, Mmoja Mmoja

Wakati wa vita nilikuwa na chumba kidogo cha kupigia picha mjini, mtaa wa Rohero. Wateja walikuwa wachache, wengi wao wakitaka picha za pasipoti ili wakimbie nchi. Sikuajiriwa na gazeti lolote. Wapiga picha wa maiti walikuwepo, wageni waliokuja kwa ndege na kuondoka. Mimi nilitaka watu waliokataa kuacha kuishi. Kwa hiyo asubuhi ambazo barabara ilikuwa wazi, nilipanda baiskeli kwenda Carama, pembezoni mwa mji.

Huko kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike. Shule yake ilichomwa, mabati yakaibwa, zikabaki kuta. Akaendelea kufundisha mle ndani, jua likiwaka vichwani. Watoto waliandika ukutani kwa mkaa. Mvua ikinyesha somo lilifutika, wakaanza upya. Nilimpiga picha akiandika, akicheka, akifukuza mbuzi darasani. Siku moja akaushusha mkono wangu wenye kamera.

"Apana piga mi tena, kaka. Piga watoto. Moja moja, uso tu."

"Kwa nini, Madamu?"

"Wazazi wakipotezana nao, watawatambua."

Alisema kwa sauti ya chini, watoto wasisikie. Sisi tukawaambia ni picha za shule, wakafurahi, wakagombania ndoo moja ya maji kunawa uso. Msichana mmoja alikataa kufumba mdomo. Alikuwa ameota jino jipya na alitaka lionekane. Nilipozisafisha picha, Madamu aliandika nyuma ya kila moja jina la mtoto na la mzazi. Alibaki na nakala zake, nami na zangu.

Mashambulizi yaliwakuta darasani. Mjini tulisikia milio, kisha barabara ikafungwa. Nilipoweza kufika, hata zile kuta zilikuwa zimeanguka. Mama mmoja alikuwa anang'oa mihogo michanga shambani kwake, haraka haraka, ili aondoke nayo. Nikamuuliza habari za mwalimu.

"Alitoka na watoto, wakashuka kwenye mto. Masasi ya bunduki nayo ikatokea kule kule." Hakuacha kung'oa. "Yeye tulimuzika. Watoto, wengine tulizika, wengine atujue walikimbilia wapi."

"Mliwazika kina nani?"

"We, papa, nani alikuwa na nafasi ya kutazama uso?"

Nikachukua nakala zangu, nikaanza kuzunguka kambi za waliokimbia makwao. Nilifunga kamba kati ya nguzo mbili na kuzibana picha kwa vibanio vya nguo. Watu walikuja, wakapita taratibu kama wanaopita mbele ya jeneza. Mtoto mmoja tu alipatikana, kwa shangazi yake, na alikuwa haongei tena. Alipoonyeshwa uso wake pale kwenye kamba aliugeuzia mgongo.

Mara ya mwisho niliifunga kamba hiyo bandarini, karibu na pale watu waliposubiri meli ya Kigoma. Mwanamume mmoja mwenye godoro kichwani alisimama. Akalitua godoro. Akaibandua picha ya mtoto wa kiume, akasoma nyuma, akaona jina lake mwenyewe.

"Ni wangu huyu," akasema. "Iko wapi?"

"Sijui, mzee. Nilimpiga picha kabla ya mashambulizi."

"Kabla." Akaitazama tena. "Alikuwa amenawa uso."

"Ndiyo."

Akaniomba nimwachie picha, nikamwachia. Akaitia ndani ya shati, upande wa moyo, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Ukimuona, umuambie niko Kigoma."

"Nitamwambia."

Sikuwa na namna ya kumwona, na nadhani yeye pia alijua. Lakini meli ilichelewa kuondoka, kwa hiyo tukabaki tumesimama pale, wawili, mbele ya picha zilizobaki kwenye kamba.